CPA au masoko ya mtandaoni? Kwa aliyemaliza digrii ya biashara akarudi Malindi

Mpwa wangu wa kike alimaliza digrii ya biashara mwaka jana akarudi Malindi na bahasha ya vyeti na swali moja: asomee CPA, cheti cha uhasibu wa kitaalamu, au aingie masoko ya mtandaoni? Mwenzake waliyesoma naye darasa moja, kijana wa Muyeye, alikuja na swali hilohilo, ila yeye jibu alikuwa nalo kabla hajauliza. Binti anaegemea hesabu, kijana anaegemea masoko. Wote wawili wamesikia kwamba akili unde (AI) inakuja kula kazi, na kila mmoja anaamini ya mwenzake ndiyo itakayoliwa kwanza.

Nimeshika vitabu vya hoteli na maduka hapa mjini kwa miaka ishirini na zaidi. Si mtaalamu wa kompyuta, na sitajifanya. Lakini wazazi wengi wamenisimamisha njiani kuniuliza jambo hili, hivyo naliandika mara moja, niwe namtumia kila anayeuliza.

Nianze na kilichotokea mezani pangu. Binti alichukua dafta la stoo ya hoteli moja, lile la samaki wanaoingia jikoni, akapiga picha kurasa nne. Mwandiko wa mtunza stoo yule hata mimi huusoma kwa kubahatisha. Akazitia picha kwenye programu ya simu. Sijamaliza kumimina chai, jedwali limeshakuja: tarehe, aina ya samaki, kilo, bei, jumla. Mwaka 2004 kazi hiyo nilimlipa karani kibarua cha siku nzima. Nikakagua mstari kwa mstari na kosa likawa moja tu: tewa wa kilo 17 amekuwa wa kilo 11, maana saba ya yule bwana husimama wima kama moja.

"Kosa moja kurasa nne, mjomba," akasema. Sauti yake haikuwa ya furaha. Kazi hiyo ndiyo aliyotarajia kuandikwa kuifanya.

Nikamwekea kidole kwenye mstari mwingine, ambao mashine iliusoma sawasawa: pweza, kilo 32. "Kosa kubwa ni hili." Sahani za pweza zilizotoka jikoni juma lile nilikuwa nazo kwenye bili za wageni, na hata ukihesabu anavyosinyaa akichemshwa, kilo 32 hazikufika. Pweza wale walipimwa na maji yao ndani ya beseni. Mashine ilijumlisha vizuri sana uongo ulioandikwa kwa wino.

Basi tuziweke njia hizi mbili sambamba.

Kazi ya kwanza bado ipo?

Hapa ndipo penye uchungu, na njia zote mbili zimeguswa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitazama kumbukumbu za mishahara huko Marekani. Waliona kwamba katika kazi ambazo akili unde inaziweza zaidi, ajira za vijana wa miaka 22 hadi 25 zilishuka kwa asilimia 13 zikilinganishwa na kazi zisizoguswa sana, ilhali wakongwe wa kazi hizohizo hawakutikisika. Marekani si Malindi, lakini sababu ni ileile. Kijana huandikwa kufanya yaliyomo vitabuni, na yaliyomo vitabuni mashine imeshayasoma yote. Mkongwe analipwa kwa aliyoyaona.

Kijana wa Muyeye alikuwa na ripoti nyingine mkononi, ya Jukwaa la Uchumi la Dunia ya mwaka huohuo 2025. Waajiri walioulizwa wanatarajia kufikia 2030 nafasi milioni 170 mpya zizaliwe na milioni 92 ziondoke. Kwenye orodha ya zinazopungua wamo makarani wa hesabu, wa vitabu na wa mishahara. "Umeona, mjomba? Hesabu wametajwa waziwazi."

Wametajwa kweli. Lakini lisome neno lenyewe: makarani. Karani anaingiza tarakimu, mhasibu anaulizwa zina maana gani. Mwaka 1979 ilipotoka VisiCalc, programu ya kwanza ya majedwali kwa kompyuta ndogo, watu waliwalilia wahasibu vivyo hivyo. Miaka iliyofuata, Marekani makarani wa vitabu wakapungua kweli, lakini wahasibu na wachambuzi wa fedha wakaongezeka. Kujumlisha kulipokuwa rahisi, wenye biashara wakaanza kuuliza maswali ambayo zamani hawakuthubutu: tukipandisha bei ya chumba itakuwaje, tukifunga jikoni Mei itakuwaje. Sisemi historia itajirudia. Nasema karani na mhasibu wasitiwe kapu moja.

Upande wa masoko kelele ni ndogo, na pengine ndiyo maana vijana wanaukimbilia. Lakini ngazi ya chini huko imeng'olewa kimya kimya. Bango la ofa ya Pasaka, maneno ya chini ya picha, barua pepe ya kumjibu mgeni, vyote hivi mwenye nyumba ya wageni anajifanyia mwenyewe usiku akiwa kitandani na simu.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo ripoti za nje hazitalitaja: Kitaliano. Waitaliano walikuwa wakirusha satelaiti kutoka baharini pale Ngomeni tangu 1967, kabla sijazaliwa, na baada yao wakaja wengine wengi kujenga nyumba na hoteli. Mji ukajifunza lugha yao kwa masikio, kuanzia wauza vinyago hadi manesi. Kijana wa biashara mwenye Kitaliano cha kuandika alikuwa na mlango wake peke yake. Sasa mashine inaandika Kitaliano kilichonyooka kuliko chake, bila mshahara. Kilichobaki ni mdomo. Mgeni akisimama mapokezi saa nane za usiku, maji hayatoki na mtoto analia, hatasoma skrini. Anataka mtu wa kumwambia pole kwa lugha yake huku mkono mwingine ukimpigia fundi.

Masoko kwa macho, na masoko ya kunakili

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kijana yule si mjinga, na njia yake ina heri yake kwa anayeijua.

Nyumba moja ya wageni, sitaitaja, ilimpa kijana mwingine kazi ya matangazo. Akaiagiza mashine imwandikie tangazo kwa Kitaliano. Likaja tamu kama halwa: maji ya buluu angavu mwaka mzima, mchanga mweupe mbele ya mlango. Mgeni akaja Mei. Sasa sisi wa hapa tunajua Mei ni nini. Mvua za masika zimenyesha bara, mto Sabaki umeshuka na tope lake jekundu, na bahari mbele ya mji imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kusi nayo inasukuma mwani hadi ngazini. Mgeni akaweka picha mtandaoni, ya tangazo na ya alichokikuta, ubavu kwa ubavu. Siku mbili za malipo zikarudishwa. Mimi ndiye niliyeziandika vitabuni, kwa hiyo nazikumbuka.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mashine iliandika yale yanayoandikwa kuhusu kila pwani duniani. Aliyepaswa kujua ni yule kijana, na yeye alizaliwa mita chache kutoka ufuoni.

Mtu wa masoko mwenye macho angeiuza Mei kama Mei. Angeshusha bei aseme kwa nini, awapeleke wanaopenda kutazama ndege kwenye mlango wa Sabaki, wa historia kwenye magofu ya Gede, na wanaotaka maji angavu awaambie wasubiri msimu mwingine. Matangazo kama hayo nayo yanaandikwa na mashine, ila mwenye kuiambia ukweli ni mtu anayeishi hapa. Akiweza hilo kijana wa Muyeye anayo kazi. Akiwa ni wa kunakili tu, anashindana na kijana wa Nairobi, wa Lagos na mwenye hoteli mwenyewe.

Wapo wanaoniambia watakimbilia huduma kwa wateja, kujibu jumbe. Sikushauri uifanye nguzo. Kampuni ya malipo ya Sweden, Klarna, ilitangaza 2024 kwamba msaidizi wake wa akili unde anafanya kazi ya watu 700. Mwaka uliofuata mkuu wake akakiri ubora umeshuka, wakaanza kuajiri watu tena. Watu walirudi, ndiyo, lakini wewe utalipaje nyumba kwa kazi inayotoka na kurudi kama maji ya kupwa?

Ada, muda na mlango

Masoko hayana lango. Simu, bando, kozi ya bure, na mwezi huuhuu umeanza. CPA ina ngazi tatu za mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu, inayofanywa Aprili, Agosti na Desemba. Mwenye digrii ya biashara anaweza kusamehewa baadhi ya karatasi, lakini bado ni miaka, na kila karatasi ina ada yake. Baada ya hapo kuna uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya. Kwa nyumba ambayo bado inadaiwa mkopo wa masomo wa HELB hili si jambo dogo, na sipendi wanaolipuuza.

Ila liangalie lango kwa upande wa pili. Unachoweza kukianza leo kwa bando la siku, na mwingine atakianza kesho. Lango linalokuchosha wewe linawachosha na wengine, na mashine haiwezi kulipita kabisa, kwa sababu ninayoifikia sasa.

Anayeitwa mambo yakiharibika

Kwa mujibu wa Sheria ya Wahasibu ya 2008, anayekagua hesabu na kutia sahihi ni mtu mwenye cheti cha kufanyia kazi kutoka ICPAK. Mashine inaweza kumsaidia kusoma miamala elfu kumi ya M-Pesa kabla ya adhuhuri, na imsaidie tu. Sahihi ni ya mtu, na anayeitwa kujieleza ni huyo mtu.

Tena kazi ya ushuru hapa kwetu imeongezeka, haikupungua. Tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya ushuru, hayakubaliwi kukupunguzia ushuru. Sasa nenda kule samaki wanakoshushwa alfajiri, mwambie mvuvi aliyetoka kulala baharini akupe risiti ya eTIMS. Atakutazama. Kuna utaratibu wa mnunuzi kumtolea ankara muuzaji mdogo, lakini mtu lazima aende amweleze, achukue namba zake, na amtoe hofu kwamba si mtego wa KRA. Mpwa wangu ana kipaji cha hilo kuliko mimi. Babu yake alikuwa mvuvi, na wazee wa pale bado humwita mjukuu.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita; PAYE, kodi ya mishahara, kabla ya tarehe 9 kupita. Ukichelewa ritani ya VAT, faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. KRA haitaiandikia barua programu ya simu.

Na usiiamini kwa viwango. Niliwahi kuiuliza makato ya afya kwa mshahara wa mpishi, ikanipa jedwali la NHIF, mfuko wa afya wa zamani, kwa lugha ya kujiamini kabisa. Tangu Oktoba 2024 ni SHIF, mfuko mpya, asilimia 2.75 ya mshahara wote, hakuna majedwali tena. Angekuwa karani mchanga, angeinakili na wafanyakazi wote wangekatwa visivyo. Mwaka 2023 washauri 758 wa BCG, kampuni ya kushauri biashara, walipewa kazi na programu ya akili unde, GPT-4. Kwenye kazi ambazo mashine inaziweza, walimaliza haraka kwa robo hivi, na kwa ubora zaidi. Kwenye kazi iliyotegwa nje ya uwezo wake, waliokuwa nayo walikosea zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Hawa ni watu wa vyuo vikubwa. Kilichowaangusha ni kwamba jibu baya huja limevaa nguo zilezile za jibu zuri.

Masoko hayana sahihi ya kisheria. Mtu wa masoko anapimwa kwa vyumba vilivyojaa, na hilo lina uhuru wake pia: akijaza vyumba hakuna atakayemuuliza cheti. Ila asisahau Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Majina, simu na picha za pasipoti za wageni si vitu vya kumwagwa kwenye programu ya bure ili ikupangie orodha. Hili nawaambia hata wa hesabu, nimewaona wakifanya.

Msimu

Fupi hapa. Wakati wa upepo wa kaskazi, wageni wakiwa wengi, kila mtu ana kazi. Kusi ikianza, baadhi ya hoteli hufunga Aprili hadi Juni, na mkataba wa kwanza kukatwa ni wa matangazo. Wa hesabu hubaki kidogo, kwa sababu hata hoteli ikifunga mlango, ritani ya sifuri lazima ipelekwe. Upande wa pili wa mizani: mtu wa masoko aliye hodari anaweza kuwa na mteja Zanzibar au Milano akiwa amekaa mtaa wa Barani hapahapa Malindi, na kipato chake hakina paa. Cha mhasibu kina paa, lakini pia kina sakafu.

Na duka lako mwenyewe?

Kila nikiwaeleza haya, mzee mmoja barazani hudakia: wafungue biashara zao, mashine iwe mshauri wao. Wazo hilo limeshajaribiwa, tena hapahapa Kenya. Watafiti waliwapa wafanyabiashara wadogo mshauri wa akili unde kupitia WhatsApp; waliohusika katika jaribio walikuwa 640. Kwa wastani hakukuwa na tofauti. Lakini ukiwagawa, waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda, na waliokuwa wakisuasua walishuka, karibu asilimia 8 hadi 10. Ushauri ulikuwa uleule. Waliosuasua hawakuwa na jicho la kuchuja lipi la kufuata na lipi la kuacha.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa sababu lilinisumbua. Tulidhani kifaa hiki kitamnyanyua aliye chini, na mahali pengine kimefanya hivyo: kwenye kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni moja ya Marekani, wageni wa kazi waliongeza kasi kwa asilimia 34, wakongwe karibu hawakubadilika. Tofauti ni kwamba wa kituo hicho waliulizwa maswali yanayojirudia, na majibu ya mashine yalitokana na wakongwe wa palepale. Mwenye duka la Maweni swali lake halijirudii: je, nimkopeshe huyu mteja? Hilo hulijibu yeye mwenyewe kwa anachokijua kuhusu ukoo wa mtu.

Kwa hiyo duka ndiyo, lakini baada ya kukaa kwanza pembeni ya mtu anayejua, mwaka au miwili.

Ningechagua vipi

Ukiwa unavumilia kukaa na karatasi, na unaudhika tarakimu isipokaa sawa hata kama hakuna aliyeona, nenda CPA. Lakini usiende kutafuta kiti cha karani. Toka siku ya kwanza lenga ushuru, ukaguzi, na stoo. Kuingiza takwimu iachie simu, wewe uwe yule anayetoka nje kwenda kutazama mizani.

Ukiwa huwezi kukaa, watu wanakufuata, na ukipita ufuoni unaona nani kafurahi na nani kanuna, nenda masoko. Kwa sharti moja: ulipwe kwa vyumba au bidhaa ulizouza, hata kama ni asilimia ndogo, usilipwe kwa idadi ya picha ulizoweka. Picha zimekuwa bei ya maji. Na jifunze hesabu za kutosha kujua kama ofa uliyoitangaza ilimwachia mwenye nyumba chochote.

Ukiwa huna ada ya mtihani wowote mwaka huu, anza na masoko, uweke akiba, ujisajili KASNEB mkono ukifunguka. Kinyume chake ni kigumu zaidi, sijaona wengi waliokifanya.

Kijana wa Muyeye ameshika nyumba mbili za wageni, moja kwa mshahara mdogo, moja kwa asilimia. Kaskazi itamwambia zaidi ya nilivyoweza mimi. Binti amejisajili kwa mtihani wa Desemba, na aliniomba kitu ambacho sikukitarajia: ufunguo wa stoo, kila Jumamosi alfajiri, kabla samaki hawajaandikwa.

Jumamosi iliyopita saa kumi na mbili na robo simu yangu ililia, bado nipo mkekani. Ujumbe wake: "Shikamoo mjomba. Dafta linasema pweza kilo 30. Nimemwaga maji. Ni 24."